Siku yangu na mguu uliovimba

Saa 11 alfajiri nimo ndani ya matatu namba 111 pale Dagoretti Corner, saa 12 niko Karen. Farasi sita wamepata nyasi na maji, mavi nimezoa. Hiyo ni ya kila siku, haina hadithi.

Hadithi ni farasi mmoja, Tufani. Jana jioni alijikwaruza kwenye ua, na leo mguu wa nyuma wa kushoto umejaa kutoka kifundoni kwenda juu kama soksi iliyotiwa mchanga. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikahesabu hadi kumi, bado lipo. Nikapapasa manyoya kinyume, nikakipata kidonda chenyewe, kidogo kama punje ya mahindi. Nashukuru kiko mbali na kiungo, maana kidonda kama hicho kikitoboa kiungo, farasi unaweza kumpoteza. Joto 38.1, na farasi mzima hachezi mbali na 37.5 hadi 38.5. Anakula, mguu anaukanyaga. Nikamtumia daktari picha. Akajibu: sindano ya pepopunda anayo, mwagia maji baridi dakika 20, mara tatu, kisha mtembeze na umfunge mguu kwa bendeji. Joto likipanda au akikataa kukanyaga, nipigie hata usiku.

Watu hudhani saisi, mtunza farasi kama mimi, kazi yake ni kushika kamba tajiri apande. Njoo basi uiname dakika 20 nyuma ya mnyama wa kilo 500, mpira wa maji mkononi, gambuti zimejaa maji, naye anainua kwato kila inzi akitua. Kidonda nimekiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kisha pamba nene, kisha bendeji, isilegee na isibane, na mguu wa pili pia nikaufunga kwa sababu ndio unaobeba mzigo.

Saa 4 mwenye farasi akafika.

“Kijana, Jumamosi binti yangu ana mashindano.” Mimi nina miaka 41.

“Madam, mguu umevimba.”

“Si mkwaruzo tu? Daktari ampige sindano ya maumivu.”

Nikamweleza kwamba sindano inanyamazisha maumivu, naye farasi asiyesikia maumivu hukanyaga kama mzima. Akauliza kwa nini basi namtembeza badala ya kumwacha apumzike bandani. Nikamweleza tena: huko chini farasi hana nyama, ni mfupa, kano na ngozi, hatua zake ndizo zinazosukuma maji ya uvimbe yarudi juu. Akisimama tu, yanatuama. Akanionyesha kwenye simu mafuta ya kupaka yanayounguza. Juu ya kidonda kibichi, jamani! Akampigia daktari mbele yangu. Daktari akasema yale yale niliyosema, neno kwa neno, na ghafla yakawa na maana. “Aa, sawa, daktari.” Dakika 50 zimekwenda, na farasi watano hawajapigwa brashi.

Mchana sijui saa ngapi nilikula. Maji ya mfereji yalikatika, nikateka ya tangi kwa ndoo, nikimwagia kidogo kidogo kwa kopo. Tembeza. Funga. Fungua. Mgongo wangu ndio uliohitaji bendeji.

Jioni nikatoa uzi. Asubuhi niliuzungusha mguuni juu ya kifundo nikapiga fundo pale ncha zilipokutana. Sasa fundo limepita ncha kwa upana wa vidole viwili, nikapiga fundo jingine hapo. Kidole gumba tena: shimo dogo, likajaa upesi. Joto 37.9.

Kwenye matatu makanga akaniambia nanuka farasi. Nikamwambia ni kweli.

Saa 3 usiku ujumbe wa madam ukaingia: “Kwa hiyo Jumamosi sawa?” Nikamtumia picha ya ule uzi na mafundo mawili, la asubuhi na la jioni, na chini yake nikaandika: bado wiki. Tiki mbili za buluu zimetokea. Jibu hakuna.