Bastola ya babu wa mume wangu

Baba mkwe alipofariki, bastola ya Kijerumani aliyorithi kwa baba yake ilikuja kwetu huku Minnesota, ikiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi. Mume wangu haipendi hata kuitazama. Mimi nimekesha nayo.

Kabla ya lolote tulitoa magazini, yaani kasha la risasi, tukavuta bawaba ya juu na kuchungulia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Bastola yenyewe ni Luger P08, na aina hii hujisema yenyewe: risasi ikiwa ndani, kile kipande kinachovuta ganda huinuka na ubavuni husomeka GELADEN, Kijerumani cha "imejazwa". Hapakusomeka kitu, chemba tupu. Hapo ndipo moyo ulipotulia nikachukua kioo cha kukuzia.

Kwenye bawaba zimegongwa herufi "byf", na juu ya chemba namba 41. Wajerumani walificha majina ya viwanda vyao kwa herufi. Byf ni kiwanda cha Mauser cha mjini Oberndorf, na 41 ni mwaka 1941. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola zimerudiwa kwenye vipande vidogo, na kila nilipotazama zinalingana. Haikuungwaungwa kutoka bastola mbalimbali.

Mkoba ndio ulionisumbua. Mgongoni una muhuri wa tai, "P.08" na mwaka 1938. Ndani ya kifuniko, kwenye kijimfuko chake, bado kuna kile kibisibisi cha kufungulia bastola. Kwa hiyo mkoba una miaka mitatu zaidi ya silaha, na hadithi ya familia ni kwamba vyote vilivuliwa kiunoni mwa ofisa mmoja aliyejisalimisha 1945. Yawezekana kabisa, askari hubadilishiwa silaha. Lakini mihuri hii inataja kiwanda na mkaguzi, haimtaji aliyeivaa, na mimi ninamtaka huyo. Alikuwa mtoto wa mtu.

Wanajeshi wa Marekani waliorudi na nyara walitakiwa kuwa na cheti cha ruhusa kilichosainiwa na ofisa wao. Mama mkwe anasema makaratasi ya mzee yapo kwenye masanduku, wiki ijayo tunayafungua.

Shemeji anataka kuipiga msasa ing'ae. Nimemkatalia katakata, maana ule weusi uliochakaa kwenye mtutu ni wa kiwandani na haurudi. Nimeitenga pia na mkoba, kwa sababu ngozi hushika unyevu na chuma huota kutu humo. Kila kimoja kina kabati lake, na la bastola lina kufuli.