Mistari miwili kabla ya kengele

Ualimu una shida moja inayowachosha wengi: matunda yake hayaonekani jioni. Seremala akifunga karakana ameshaiona meza yake imesimama. Mwalimu anatoka darasani na rundo la madaftari ya kusahihisha, huku akilini kabaki yule mwanafunzi mmoja aliyegoma kuandika. Waliobaki wote, walioandika na kuuliza maswali, hawamjii kabisa.

Ndivyo akili ya binadamu ilivyo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti za nyanja nyingi na kuonyesha kwamba baya lina nguvu kuliko jema: linachambuliwa kwa kina zaidi na linachelewa kufutika. Kwa hiyo anayengoja kuridhika na kazi kumjie kwenyewe atangoja sana. Mimi naona kuridhika kwa mwalimu kunategemea utunzaji wa kumbukumbu kuliko kunavyotegemea moyo mwema.

Tafuta daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu haifai, maana ukiishika kuandika sentensi moja utakutana na ujumbe wa mzazi, wa mkuu wa shule na wa kundi la walimu, na kipindi kijacho kitakukuta hujaandika kitu. Chagua kipindi kimoja cha siku. Wanafunzi wanapokusanya vitabu vyao, andika mistari miwili tu. Wa kwanza ni jambo moja ulilolisikia au kuliona, kwa maneno yaleyale ya mwanafunzi. Wa pili ni sababu yake. Mfano: "Kauliza: kama sifuri si kitu, mbona ikikaa kulia kwa moja inakuwa kumi?" Chini yake: "Sikuufuta mfano wa mwanzo ubaoni, alipata muda wa kuutazama."

Mstari wa pili ndio wenye dawa, na ndio watu wanaouruka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake waliwaomba watu waandike kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu ya kila moja. Nafuu ilionekana hata miezi sita baadaye, na walionufaika zaidi ni wale walioendelea kwa hiari yao. Kwa mwalimu, kuandika sababu kuna faida ya ziada: unagundua kwamba jambo lile halikudondoka tu, mkono wako ulikuwemo, na kesho unaweza kulirudia. Andalio la somo linaloanzia hapo huandikwa kwa hamu.

Zoezi hili linaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuandika maneno ya jumla, kama "darasa lilikuwa zuri leo". Ukiyasoma baada ya mwezi hayakukumbushi kitu. Ya pili ni kulizidisha mpaka linageuka ripoti nyingine ya kujaza. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky alipowalinganisha watu waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki na waliofanya hivyo mara tatu, walionufaika ni wa mara moja. Basi andika kila siku kwa wiki ya kwanza ili jicho lizoee, halafu baki na siku moja ya wiki. Ya tatu haionekani upesi: daftari linajaa majina ya wanafunzi walewale wanne wanaonyoosha mkono daima. Ukiliona hilo, panga kabla ya kipindi kwamba leo unaangalia safu ya nyuma peke yake.

Lakini huwezi kuandika ulichokinyima nafasi ya kutokea. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, alikuta walimu wengi wakiuliza swali wanangoja sekunde moja hivi, kisha wanauliza tena au wanajibu wenyewe. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na waliokaa kimya wakapungua. Uliza, funga mdomo, hesabu moyoni taratibu hadi tatu. Mwanafunzi akimaliza, hesabu tena kabla hujasema "vizuri", kwa sababu sehemu tamu ya jibu mara nyingi ndiyo inayofuata hapo. Usitaje jina kabla ya swali. Ukilitaja, wengine wote wanapumzika.

Usahihishaji, kazi inayochukiwa kuliko zote, ndiko kwenye hazina. Kabla hujashika kalamu nyekundu, soma madaftari matano bila kuweka alama yoyote. Tafuta kosa lililojirudia, ujiulize mtoto alikuwa anafuata kanuni gani. Anayeandika kwamba 0.12 ni kubwa kuliko 0.8 hajabahatisha: anajua kumi na mbili inaizidi nane, na amehamishia kanuni hiyo mahali isipofanya kazi. Ukilielewa kosa hivyo, hasira inapoa na somo la kesho limeshapatikana. Mpe aandike 0.80 chini ya 0.12, nafasi chini ya nafasi, na umwache alinganishe mwenyewe. Kusahihisha kwa kuhesabu makosa peke yake kunachosha kwa sababu hakukufundishi lolote.

Kazi usiyoimaliza hukufuata nyumbani na kukusumbua akilini hata ukiyaacha madaftari ofisini. Mwaka 2011 watafiti Masicampo na Baumeister (yuleyule wa mwanzo) walionyesha kwamba mpango mahususi hupunguza usumbufu huo hata kabla kazi haijafanywa. Kabla ya kuondoka andika: "Kesho saa moja na nusu asubuhi, madaftari 15 ya safu ya dirishani." Kuandika "nimalizie kusahihisha" hakusaidii, maana hakuna saa wala idadi.

Kuna mambo daftari hili haliwezi, na ni hatari kulilazimisha. Mshahara unaochelewa au darasa lililofurika havitibiwi kwa kuhesabu mema. Tenga kurasa za mwisho kwa ajili ya mambo hayo: tarehe, kilichotokea, uliyemwambia, alichojibu. Hizo ni za kwenda nazo kwenye kikao cha walimu au kwa chama chenu, na zisichanganywe na za mbele, maana msomaji wa kila upande ni tofauti.