Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayemsemea Johnny Lever

Saa 11 alfajiri

Kitu cha kwanza ni koo. Kabla sijasema na mtu nasukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nakunywa kikombe cha tangawizi isiyo na sukari, halafu nanyamaza. Wanangu wanajua: asubuhi baba hasalimiwi kwa mdomo, anapungiwa mkono. Mama mkwe alipokuja kututembelea alirudi kwao akisema binti yake ameolewa na mtu mwenye kiburi.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Ukipita mtaani ukasikia kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video, mwanamume mmoja anasema sauti za watu wote, shujaa, adui, mama mzazi na polisi, basi huyo ni wa kazi yangu. Wanatuita madijei ingawa hatupigi muziki. Marehemu Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, ndiye aliyetufungulia njia. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wenzetu wanaitwa mavijei. Mimi nimeangukia kwenye picha za Kihindi, na humo ndani nimeangukia kwa wachekeshaji kama huyo Johnny Lever, sehemu ambayo wengi wetu wanaikimbia.

Saa 1 asubuhi

Daladala ya Tandika kwenda Kariakoo. Leo nimepata konda mwenye mdomo. "Anti, sogea, hiyo siti umeilipia nusu, nusu nyingine ni ya huyu kaka aliyening'inia." Gari zima likacheka, hata aliyening'inia.

Nikipata konda wa namna hii namkumbuka bibi. Alikulia Unguja, akienda Majestic kutazama picha za Kihindi, na mtu aliyempenda kuliko mashujaa wote alikuwa Johnny Walker. Jina lake hasa ni Badruddin Jamaluddin Kazi, mzaliwa wa Indore, na kabla ya filamu alikuwa konda wa basi Bombay, Mumbai ya leo, akikata tiketi huku anawavunja mbavu abiria. Mwigizaji Balraj Sahni akamwona, akampeleka kwa mwongozaji Guru Dutt ajifanye mlevi. Akaingia ofisini anayumba na kusumbua watu, akatoka na nafasi kwenye Baazi ya mwaka 1951. Guru Dutt ndiye aliyempa hilo jina la wiski, na mwenyewe hakuwa mnywaji. Bibi alikuwa anatuapia kabisa kwamba mtu yule hanywi. Sisi wajukuu tukambishia, maana tulimwona kwa macho yetu akiyumba.

Saa 2 hadi saa 6

Studio yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Ukutani sponji la godoro na trei za mayai. Kompyuta moja, maiki moja, na feni ambayo wakati wa kurekodi inazimwa kwa sababu maiki inaisikia kabla haijanisikia mimi. Nikaitazama picha yote bila kufungua mdomo, karibu saa tatu nzima. Nikaandika majina kwenye daftari. Nikala chapati mbili na maharage.

Picha yenyewe ni Baazigar ya mwaka 1993. Mteja ana soko la picha za zamani, kwa hiyo tunaitafsiri upya.

Watu wanadhani najua Kihindi. Kihindi changu nilikisomea sakafuni kwenye kibanda umiza, na kina maneno ya aina nne: mapenzi, kisasi, mama na damu. Nikipelekwa Mumbai leo, nyanya sitaweza kununua. Ila kama kuna mtu amemuua baba yangu, nitajieleza mpaka nieleweke. Yaliyobaki nayapata kwenye maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na maandishi hayo ni waongo wakubwa, hasa anapoongea mchekeshaji. Mtu anasema nusu dakika nzima, anazungusha macho, anameza mate, anaanza upya, halafu chini yanapita maneno matatu. Hayo mengine nani ayatafute? Mimi.

Saa 7 mchana

Kurekodi. Shah Rukh Khan hanipi shida. Kisasi ni kisasi, unakaza koo na kushusha pumzi. Kajol naye vivyo hivyo, sauti inapanda kidogo lakini sijifanyi mwanamke, nilishaacha mambo hayo baada ya kuzomewa. Nusu saa, sehemu zote za mapenzi zimekwisha.

Halafu anaingia Babulal.

Kwa ambao hawajaiona: Babulal ni mtumishi wa nyumba ya tajiri, na ana ugonjwa wa kusahau. Picha yenyewe ni nzito. Shujaa unayempenda anambeba mpenzi wake juu ya ghorofa na kumwachia adondoke, na kibandani unasikia hata mtu anavyotafuna karanga. Sasa baada ya hapo watu wanahitaji kupumua. Anayewapumulisha ni huyo mtumishi, na aliyemwigiza ni Johnny Lever.

Naye ni mtu wa kazi za mikono. Jina lake John Prakasa Rao Janumala, Mtelugu kutoka Andhra Pradesh aliyekulia Mumbai. Shule iliishia darasa la saba, ambapo kwetu angepewa na cheti. Akauza kalamu barabarani huku anacheza na kuiga waigizaji wakubwa ili watu wasimame. Akaingia kiwanda cha Hindustan Lever alikofanya kazi baba yake, na siku ya sherehe ya kampuni akawaiga mabosi mmoja mmoja mbele ya wafanyakazi. Wafanyakazi wakamwita Johnny Lever, na jina likaganda. Fikiria kuwaiga mabosi wako, nao wamekaa mbele wanatazama. Mimi nilijaribu mara moja nikiwa mlinzi kwenye ghala moja. Sikupata jina, nilipata barua.

Jambo jingine linalonifanya nimwone kama ndugu: lugha anayowachekeshea Wahindi siyo ya nyumbani kwao. Kwao ni Kitelugu.

Kazi sasa ni sauti. Babulal aongeeje? Kama nani? Wenzangu wangemfanya Mpemba wakamaliza, maana kila mtumishi kwenye tafsiri zetu ni Mpemba au Msukuma, na nimechoka nao. Nikajaribu sauti nyembamba, dogo anayenisaidia akasema naonekana kama ninaumwa. Nikajaribu ya kilevi, nikakumbuka kwamba huyu hajalewa. Mwisho nikamchukua marehemu mjomba wangu, aliyekuwa anaweza kukuelekeza njia ya kwenda mahali asipopajua, kwa uhakika kabisa, na kukusindikiza nusu ya safari. Hiyo ndiyo sauti ya Babulal. Msahaulifu hacheki. Anayesahau kweli anakuwa na uso wa hakimu.

Na kuna kunyamaza. Johnny Lever kabla ya kusema anasimama kidogo tu, mdomo uko wazi, jicho moja linatangulia kufika kwenye jibu. Hapo dijei mgeni anaweka neno, anaogopa ukimya kama umeme umekatika. Ukiweka neno pale umeua. Inabidi unyamaze naye na umalize naye. Nilirudia kipande cha dakika moja mara kumi na moja. Mara ya nane tulikuwa tumeipata, halafu nje akapita muuza dawa na spika yake: "Dawa ya kunguni, dawa ya mende, panya, viroboto!" Neno "mende" likaingia hasa pale Babulal anapofungua mdomo. Dogo akaanguka chini kwa kicheko. Nilifikiria kuiacha vile vile, wallahi.

Saa 9 na robo, na kuendelea, na kuendelea

Mteja akafika. Hakubisha hodi, na mkononi ana chipsi mayai kwenye mfuko wa nailoni.

"DJ, hii inakwenda dakika ngapi?"

"Inakaribia saa tatu, bosi."

"Ndefu. Watu wangu wa vibanda wanataka kuingiza awamu nyingi. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akanisukuma kwa bega, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kuipeleka mbele. Kila akimwona Babulal anagusa kioo kwa kidole chenye mafuta. "Huyu mjinga mjinga, kata. Huyu tena, kata. Eh, huyu anafanya nini humu? Watu wanataka binti arushwe, jamaa alipize kisasi, waende nyumbani." Kioo kikajaa alama za mafuta, nami nikahesabu: saba.

Nikamwambia, kaka, ukimtoa huyu, picha inakuwa msiba mtupu. Akasema msiba ndio unaouza. Nikamwambia jamaa ameigiza filamu zaidi ya 300, ana tuzo mbili za Filmfare za uchekeshaji, hawamlipi kwa kumwonea huruma. Akasema yeye hanunui tuzo. Simu yake ikaita, akaongea habari za kontena. Ikaita ya pili, akaongea habari za shamba la Mkuranga. Muda wote huo picha imesimama kwenye uso wa Johnny Lever, mdomo wazi, na feni imezimwa kwa sababu nilidhani tunarudi kurekodi muda si mrefu. Shati langu lilikuwa limenata mgongoni. Nikamwomba akae atazame kipande kimoja tu na sauti yangu mpya. Akatazama. Tulipofika pale pa kunyamaza, pale nilipopasumbukia mara kumi na moja, akageuka akiwa na furaha ya kweli usoni.

"Hapa hapa! Hapa haongei mtu. Weka tangazo la duka langu."

Nilikaa kimya muda mrefu kuliko Babulal.

Dogo akatoka nje eti kununua maji. Mimi nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mpumbavu, maana kichekesho kikishaelezwa kinageuka hesabu. Nikasema anaponyamaza ndipo anapochekesha. Akasema, "Basi watacheka huku wanasikia bei." Nikasema haiwezekani. Akauliza elfu hamsini analipa nani.

Tukakubaliana kama wanavyokubaliana watu ambao mmoja wao ndiye mwenye hela. Wimbo mmoja unatoka. Vipande viwili vya Babulal vinatoka, vitano vinabaki, na cha kunyamaza kisiguswe. Tangazo alitaka liwe mahali ambapo kila mtu ametulia, na hapo sikuwa na ubishi, maana mahali penyewe tunapajua wote. Kwa hiyo mkiiona, mjue haikuwa akili yangu: binti anadondoka kutoka ghorofani, na kabla hajafunikwa shuka mnakaribishwa dukani, jumla na rejareja.

Jioni

Umeme ukakatika. Nilikuwa sijahifadhi. Sitaki kuliongelea.

Ulipokwisha kurudi, Kariakoo ilikuwa inafunga, wabeba mizigo wanasukuma mikokoteni ya mwisho, na sauti ilishaanza kwenda. Dakika arobaini nikazirudia zote. Kisasi kikatoka kimepauka. Mama wa shujaa akawa anakohoa, ila kwa bahati ni mama anayeteseka, kikohozi kikamkubali. Babulal sikutaka kumgusa, nikatafuta kwenye mashine nikakuta kile kipande cha mara ya kumi na moja kimepona. Kile cha mende pia kilipona. Dogo ananitazama. Nami namtazama.

Watu wanauliza kama hii kazi ni halali, filamu ni ya Wahindi, maneno ni yangu, pesa ni ya mwenye duka. Ni swali la haki na linaninyima usingizi kuliko koo. Ila hata huyo anayeuliza, usiku unamkuta kwenye benchi la kibanda anacheka.

Usiku

Nikamkabidhi flashi. Akaiweka mfukoni pamoja na funguo za gari, akanihesabia elfu ishirini na tano, akasema nyingine wiki ijayo, Mungu akipenda. Akiwa mlangoni akauliza, "Ile sauti ya mjinga umeitoa wapi?" Nikamwambia kwa mjomba. Akasema mjomba wako anafaa kuuza duka.

Kwenye daladala sikuweza kusema "shusha". Nikagonga bati, konda akanipitiliza kituo kimoja kwanza.

Nyumbani mke wangu ameshaweka wali. "Amekupa?" Nikapindisha kiganja: nusu. "Nusu ya leo au nusu ya ile ya mwezi uliopita?" Hilo nalo lina maelezo marefu, na sauti haipo kabisa. Nikaanza kueleza kwa mikono: mteja, chipsi, kidole, kioo, ghorofa, umeme. Mdogo akatoka chumbani anasugua macho, akasimama mlangoni akanitazama nikimwonyesha mama yake binti anavyodondoka na tangazo linavyoingia.

"Baba," akasema, "rudia hapo pa kudondoka."

Nikarudia.