Duara Juu ya Msalaba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma Kuu hili naomba tutazame msalaba mmoja wa mbali. Uko Clonmacnoise, palipokuwa na monasteri kando ya mto Shannon nchini Eire. Ni wa jiwe, una urefu wa mita 4 hivi, na ulichongwa mwanzoni mwa karne ya 10. Unaitwa Msalaba wa Maandiko, maana umechorwa habari za Biblia toka chini hadi juu. Siku hizi umehifadhiwa ndani ya jengo, usizidi kuliwa na mvua. Nje umesimamishwa mfano wake.

Upande wa magharibi, katikati pale mikono inapokutana, Bwana amesulubiwa. Shuka sasa hadi chini kabisa ya nguzo. Kuna askari wanaolinda kaburi, na chini yao mwili wa Bwana umelazwa ukiwa umeviringishiwa sanda. Hapo fundi aliongeza jambo ambalo Injili hazikuliandika: ndege ameweka mdomo wake kinywani mwa Yesu. Anampa pumzi. Askari hawana habari. Hakuna jiwe linaloviringishwa, hakuna malaika. Uhai umekwisha kuanza kazi ndani ya kaburi ambalo bado lina walinzi.

Halafu kuna lile duara linalounganisha mikono ya msalaba, alama inayoutambulisha popote msalaba wa Kiselti, yaani wa namna hii ya Eire na Uskoti ya kale. Wako wanaosimulia kwamba Mtakatifu Patrick, mmisionari wa kale wa Eire, alichukua jua lililoabudiwa na wapagani akalitia msalabani. Ni masimulizi ya baadaye, nami siyategemei. Maelezo mawili mengine yananigusa zaidi. La kwanza ni la mafundi: kisiwani Iona, Uskoti, Msalaba wa Mtakatifu Yohana wa karne ya 8 ulikuwa na mikono mirefu na mizito mno, na inadhaniwa duara liliongezwa baada ya kuvunjika, ili kuishikilia. La pili linatoka Roma. Kwenye majeneza ya mawe ya Wakristo wa karne ya 4 umechongwa msalaba mtupu, juu yake taji la majani kama lile la washindi, ndani ya taji herufi za jina la Kristo, na chini wameketi askari wa kaburini. Ijumaa Kuu na Pasaka katika mchoro mmoja.

Nikiyaweka pamoja hayo mawili, moyo wangu unajaa shukrani. Taji la ushindi ndilo linaloishika mikono isivunjike.

Familia yetu imeingia Kwaresima hii na kaburi jipya la mama. Ndugu wengi wametufariji, Mungu awabariki. Lakini tumeambiwa pia, tena mara nyingi, tusilie kwa kuwa Pasaka inakuja, kana kwamba furaha ya Jumapili inadai tuisahau Ijumaa. Sikubaliani na faraja ya namna hiyo. Duara halikufuta mikono ya msalaba. Mikono inapita katikati yake na kutokeza nje. Bwana alipowatokea wanafunzi milango ikiwa imefungwa, aliwaonyesha mikono yake na ubavu wake, nao wakafurahi walipomwona (Yohana 20:20). Alama za misumari zilikuwapo. Aliyeshinda mauti hakuona haya kuwa na makovu. Kisha akawavuvia, akasema, “Pokeeni Roho Mtakatifu.”

Ndugu zetu Wamoravian wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka na kuimba ufufuo palepale walipowazika wapendwa wao. Mwaka huu nasi tutakwenda kwa mama. Atakayelia alie, na atakayeweza kuimba aimbe.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyepokea pumzi kaburini walinzi wakiwapo, washike wote wanaoipokea Pasaka hii wakiwa na majonzi. Wavuvie Roho wako. Amina.