Tumesafisha pwani Sahare, tukaokota riziki ya mtu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi si unajua tena ni siku ya usafi, basi safari hii kikundi chetu cha mtaani tukasema tusifagie mbele ya nyumba zetu tu, twende pwani Sahare. Maji ya bamvua yalikuwa yamepita siku mbili nyuma, na bamvua likipita ndo utajua mji wa Tanga unakula nini na kunywa nini, maana maji yanapanda hadi juu kabisa, yakishuka yanaacha mstari mrefu wa majani ya baharini na ndani yake vitu vyetu vimesokotana: pampasi, vipande vya nyavu, makopo, ndala ya mguu mmoja (mwenzake huwa anaendaga wapi?).

Tulikuwa kama watu 20. Glovu hazikutosha. Saa moja tu salfeti saba zimejaa makopo, watu wanapiga picha, wengine washarusha staitasi. Na mimi nilirusha, sibishi.

Afu akatokea bibi mmoja na salfeti lake begani, tupu. Tukamwamkia, akaitikia, akasimama anatutazama weee, mwisho akasema, "Wanangu, kazi nzuri, lakini hayo makopo mie nayapitia kila asubuhi. Yale pale ndo hayana mwenyewe." Akaonyesha kwa mdomo upande wa mikoko.

Yale pale ni vifungashio. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli ilipungua sana, ila vile vifuko laini visivyo na mishikio, vya karanga, vya ubuyu, vya barafu, vipo tele, na vyote vimejinasa kwenye ile mizizi ya mikoko inayochomoza kwenye tope kama vidole. Ukikivuta kinakatika, nusu unabaki nayo mkononi nusu inabaki imejifunga hukohuko. Hakuna mnunuzi wa skrepa atakayekipokea. Kopo lina bei, kwa hiyo lingeokotwa tu hata sisi tusingeamka, na kilo moja ya chupa za maji za nusu lita si chini ya chupa 50, kwa hiyo piga hesabu bibi anainama mara ngapi kwa siku.

Tulimrudishia salfeti zote saba. Wapo walionuna, kuna jamaa alishapanga tuziuze tunywe chai, kidogo wagombane. Bibi hata hakuwajali, akakaa chini akaanza kufungua kofia moja moja, anazitenga, maana kofia na chupa si plastiki moja. Akatuambia tumbukizeni majini muone, tukafanya kweli, kofia ikaelea, kipande cha chupa kikazama. Kumbe ndo maana kwenye mikoko kofia zimejaa na chupa zake huzioni! Miaka yote naishi hapa sijawahi kujiuliza.

Baada ya hapo tukaingia kwenye tope mpaka saa sita na tukapata salfeti mbili tu, ila zile mbili ndo usafi wa kweli. Tukaziacha barabarani, tulishaambiwa gari litapita. Halikupita. Jumatatu mbwa na kunguru washazichana, Jumatano ikanyesha mvua, nikapita na baiskeli nikaona maji ya mtaro yanavirudisha baharini kimoja kimoja. Iliniuma, nasema ukweli.

Mwezi ujao hatumsubiri mtu, tumechangishana tukakodi guta, dereva tumempa advansi ili salfeti ziende dampo siku hiyohiyo. Tutaenda maji yakiwa yamekupwa, moja kwa moja mikokoni, na makopo hatugusi. Bibi kasema atakuja kutuonyesha pa kukanyaga, ila glovu hataki, anasema zinamtelezesha.