Jumapili moja kwenye maktaba ya usharika

Siku yangu kubwa ya kazi ni Jumapili. Siku za katikati ya wiki tunafungua jioni tu, lakini Jumapili usharika mzima unapita uwanja mmoja: wakulima, mabibi, vijana wa kwaya, watoto wa Shule ya Jumapili. Sisi ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), huku migombani upande wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Chumba cha maktaba kilikuwa stoo ya viti, nami nimekisimamia tangu nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi.

Saa 12 asubuhi. Mwezi wa sita huku ni baridi na ukungu, na ukuta wa upande wa mlima hutoa unyevu. Kwa hiyo nianzapo tu, napitisha mkono nyuma ya rafu kuhakikisha hakuna kitabu kinachogusa ukuta. Kuvu huanzia pale, na kikishika kimoja, jirani zake hawachelewi.

Kisha natengeneza vilivyochanika. Leo ni vitabu vya nyimbo, ambavyo ndivyo vinavyoumia kuliko vyote kwa sababu vinashikwa na mikono mingi. Gundi yangu ni uji wa ngano. Unga nauchanganya kwanza na maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo nautia motoni na kukoroga hadi uwe mzito na kung'aa. Selotepu siitaki kabisa: baada ya muda inageuka rangi ya chai, na karatasi inakatika palepale ilipobandikwa. Kurasa zilizofumuka katikati nazishona kwa sindano na uzi mzito, nikipita kwenye matundu yaleyale ya zamani ili nisizitoboe upya. Mgongo naupaka uji, naubandika kipande cha kanga kuukuu, halafu juu naweka tofali lililofungwa gazeti. Jumapili ijayo kitabu kitakuwa tayari kurudi kanisani.

Saa 1. Ibada ya kwanza. Nafunga mlango na kwenda kusali kama wengine.

Saa 3. Sasa kazi imeiva. Nikisaidiwa na vijana wawili natoa meza ndefu na kuiweka kati ya mlango wa kanisa na mahali pa mnada wa sadaka. Wanaotoka ibada ya kwanza na wanaoingia ya pili wote wanapita hapo. Naamini kwa moyo wote kwamba maktaba ya kanisa inayosubiri watu ndani ya chumba itabaki na vumbi. Mkulima aliyevaa suti yake ya Jumapili haingii mlango ambao hajui ndani ataulizwa nini. Lakini mezani anasimama, anafunua kurasa, anauliza bei, nasi tunamwambia hakuna bei, aandike jina lake tu kwenye daftari.

Mezani siweki vitabu vya kitaalamu vya theolojia. Naweka malezi, ndoa, afya, kilimo, hadithi za watoto, na Biblia za aina mbili. Wazee wanashika ile ya Union Version ya mwaka 1952, kwa kuwa mafungu wanayoyajua kwa moyo yako kwa maneno hayo. Vijana wengi huchukua Habari Njema, tafsiri yenye Kiswahili cha siku hizi. Nazipanga zote mbili pamoja, na mara nyingi babu na mjukuu wanaanza kulinganisha wakiwa wamesimama.

Saa 4 na nusu. Watoto. Chumba kinajaa mpaka dirishani. "Shikamoo Mwalimu!" nayo haiishi mpaka kila mmoja aitikiwe. Hakuna kibao cha "kimya" ukutani kwetu, na hakitakuwepo. Mtoto mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamkatiza, wanabishana kama fisi atamshinda sungura, na ndivyo wanavyojifunza. Rangi zinawasaidia sana. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, uliotolewa mwaka 1876 na unaotumiwa na maktaba nyingi duniani, unaiweka dini kwenye namba za mia mbili. Kwenye maktaba ya kanisa maana yake ni kwamba karibu rafu nzima inaanza na tarakimu ileile. Kwa hiyo namba ninazo kwenye daftari, lakini migongoni nimebandika utepe: nyekundu kwa Biblia na maelezo yake, kijani kwa ndoa na malezi, njano kwa kilimo na afya, bluu kwa watoto. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kurudisha kitabu mahali pake.

Saa 6. Mnada. Mkungu wa ndizi, mayai, kuku wawili, maparachichi, vyote vilivyoletwa kama sadaka vinanadiwa uwanjani huku watu wakicheka na kupandishiana bei. Hapo ndipo mzee mmoja aliponijia na tawi la mbuni mkononi, limefungwa kwenye gazeti.

"Mwalimu, angalia punje hizi. Zinakuwa nyeusi zikiwa bado mbichi, halafu zinadondoka."

Chini ya jani hapakuwa na unga wa rangi ya machungwa, kwa hiyo haikuwa kutu ya majani. Tulichukua vipeperushi vya TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, tukalinganisha picha na punje moja moja. Zilifanana na za chulebuni, ugonjwa unaoozesha punje changa za kahawa. Aliposoma kwamba kuna miche iliyozalishwa kuhimili ugonjwa huo, alikiomba kipeperushi aondoke nacho. Nilimwandikia kama kitabu kingine chochote. Wapo wanaoniuliza kahawa inahusiana nini na kanisa. Jengo hili lilijengwa kwa sadaka za watu wanaolima kahawa, na ada za watoto zinatoka kwenye mibuni hiyohiyo.

Saa 8. Vijana wa kipaimara. Hawa nimewapa kazi ninayoipenda kuliko zote: kila mmoja ana bibi au babu ambaye macho yamechoka, na anamsomea. Leo binti wa miaka kumi na minne alikuwa anasoma Zaburi, bibi amefumba macho, midomo inatangulia maneno. Binti aliporuka mstari, bibi akamgusa goti: "Rudi, mjukuu wangu. Umeacha mmoja." Binti akarudi, safari hii polepole, kidole kikiwa chini ya kila neno.

Saa 10. Daftari. Napitia waliochelewa. Faini hatutozi. Nililieleza Baraza la Wazee kwamba mtu anayedaiwa shilingi mia tano na maktaba atamkwepa msimamizi hata njiani, na kitabu hakitarudi. Napita nyumbani, nasalimia, nauliza kama kimemfaa. Hoja nyingine barazani ilikuwa kununua makabati ya vioo yenye kufuli. Niliomba fedha hiyo inunue vitabu vya Kiswahili, na namshukuru Mungu wazee walikubali. Kitabu kilichochakaa nitakishona, lakini kilichofungiwa hakimsaidii mtu.

Saa 12 jioni. Naandika ujumbe kwenye grupu la wanausharika walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Desemba wote watapanda kuja nyumbani Krismasi na magari yatajaa. Kila mwaka wanatuletea maboksi, na upendo wao naujua. Ila mengi ni vitabu vya chuo vya Kiingereza, ambavyo huku havina msomaji. Nawaomba hivyo wavipeleke kwenye shule za sekondari, na sisi watuletee hivi: Biblia za maandishi makubwa, hadithi za watoto za Kiswahili, vitabu vya ufugaji wa nguruwe na kuku, chochote kinachoeleza kisukari na presha kwa lugha nyepesi, na miwani ya kusomea ya namba mbalimbali. Miwani hasa, maana wanaoihitaji ni wengi kuliko vijana wa kuwasomea.