Mbio za pili za Tegla Loroupe

Mwaka 1994, redio yetu ilipotangaza kwamba msichana mmoja wa Kipokot ameshinda marathoni ya New York, mama aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kusimama kwenye mlango wa sebule na kuuliza, "Wa Kapenguria huko?" Hakuwa mpenzi wa michezo hata kidogo. Kilichomshangaza ni kwamba upande ule wa kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambao taarifa za habari zilituletea tu ukame, bunduki na mifugo iliyoibwa, umetoa binti aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio zile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za msichana huyo, Tegla Loroupe, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo ninavyozidi kuona kwamba tunamkumbuka kwa sehemu ndogo ya kazi yake. Rekodi zake hazihitaji utetezi wangu: alishinda New York tena mwaka 1995 akiwa katika msiba wa dada yake, akaweka rekodi ya dunia ya marathoni jijini Rotterdam mwaka 1998 kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, akaipunguza kwa sekunde 4 jijini Berlin mwaka uliofuata, na katika miaka hiyo hiyo akatwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo. Hata hivyo, rekodi huwekwa ili zivunjwe, na hizo zilivunjwa zamani. Ninayotaka kuizungumzia ni kazi aliyoianza mwaka 2003, alipoanzisha wakfu wake wa amani.

Huwezi kuielewa kazi hiyo bila kuelewa wizi wa mifugo baina ya Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, Wakaramoja. Zamani uvamizi ulifanywa kwa mikuki na mishale, na ulikuwa na taratibu zake ambazo wazee walizisimamia. Bunduki zilipoenea, hasa baada ya ghala la silaha la Moroto, nchini Uganda, kuporwa mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka, uvamizi wa usiku mmoja uliweza kukiacha kijiji bila ng'ombe na bila vijana, nao walionusurika wakabaki na deni la damu la kulipiza.

Tegla hakuwa mwanasiasa wala hakuwa na jeshi; alichokuwa nacho ni kukimbia. Mbio zake za kwanza za amani zilifanyika Kapenguria mwaka huo wa 2003, na mwaka 2006 wapiganaji wapatao 2,000 kutoka makabila sita walishindana hapo hapo katika mbio za kilomita 10. Kijana aliyezoea kumtazama mwenzake kupitia mtutu wa bunduki alipangwa naye kwenye mstari mmoja, mikono mitupu, kisha wote wakaelekezwa upande mmoja. Mimi si mkimbiaji, lakini siku chache nilizojaribu zilinifundisha kwamba ukifika kilomita ya saba huna tena nguvu ya kujifanya mtu mwingine, na kwamba aliye kando yako, ukimsikia anavyohema, unamjua kwa namna ambayo hotuba ya kiongozi haiwezi kukujulisha.

Naamini walimsikiliza kwa sababu hakwenda kwao kama mgeni. Alikulia katika familia ya watoto zaidi ya 20, akakimbia kilomita zipatazo 10 kwenda shule bila viatu, na baba yake hakuona faida ya mbio kwa mtoto wa kike. Hata viongozi wa riadha walimwona mdogo wa umbo na dhaifu mno. Mwanamke mfupi kiasi hicho anaposimama mbele ya wapiganaji na kuwaambia waweke silaha chini, anazungumza na watu ambao desturi yao haikumpangia nafasi ya kuzungumza, na jambo hilo peke yake naliona kubwa kuliko medali.

Wapo wasemao kwamba mbio hazileti maji wala malisho, na hawakosei. Mwaka 2023, miaka 20 baada ya mbio zile za kwanza, serikali ililazimika kupeleka wanajeshi kaskazini mwa Bonde la Ufa kupambana na majangili. Lakini kumlaumu mwanariadha kwa kutomaliza jambo lililozishinda serikali zote tangu uhuru ni kumwonea. Tena hakuishia kwenye mbio: alijenga shule Kapenguria, na watoto waliopoteza wazazi katika mapigano hayo wanasoma pamoja na watoto wa upande wa pili.

Mwaka 2015 wakfu wake uliandaa mchujo wa wakimbiaji katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Wengi walifika bila viatu vya kukimbilia. Rose Nathike Lokonyen, aliyekimbia vita vya Sudan Kusini akiwa mtoto, alikuwa ameshiriki mashindano kambini miguu mitupu akamaliza wa pili, na hakuwa amewahi kufundishwa na kocha. Waliochaguliwa walihamia Ngong, karibu na Nairobi, kufanya mazoezi chini ya Tegla, na watano kati yao wakaingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, yenye wanamichezo 10, iliyokwenda Rio mwaka 2016 naye akiwa kiongozi wa msafara.

Sherehe za ufunguzi zilianza saa nane usiku kwa saa za kwetu. Nilimwamsha mama karibu na alfajiri, timu ya wakimbizi ilipoingia uwanja wa Maracanã mbele ya wenyeji Brazil, Rose akiwa ameshika bendera ya Olimpiki kwa mikono miwili na watu wakiwa wamesimama kuwashangilia. Mama alijifunika leso mabegani, akatazama kwa muda, kisha akauliza Tegla yuko wapi. Nilimwambia atakuwa katikati yao, ila wote wamemzidi urefu. "Basi ndivyo alivyo," akasema, akarudi kulala.

Katika mbio zenyewe hakuna hata mmoja wa wale watano aliyevuka raundi ya kwanza, na magazeti yakawasahau wiki ile ile. Mmoja wao alikuwa Yiech Pur Biel wa mita 800, aliyefika Kakuma akiwa mtoto bila wazazi wake. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mkimbizi wa kwanza kuketi kwenye meza ile.